Wasilisho la kwanza mkutanoni: je, nioneshe mfumo ukifanya kazi papo hapo?

Swali

Ndugu zangu, pendekezo langu la mada limekubaliwa katika mkutano wa wasanidi programu, nami nimepewa dakika 25, maswali yakiwemo. Nitaeleza jinsi tulivyohamisha hifadhidata ya mfumo unaotumika usiku na mchana bila kuuzima. Nimeandaa slaidi 40, na ningependa pia kuonesha uhamisho huo ukifanyika mbele ya hadhira. Wenzangu kazini wamegawanyika: wapo wanaosema kwamba bila onesho hakuna atakayesadiki, na wapo wanaosema kwamba najitafutia fedheha. Mliowahi kupanda jukwaani mnashauri nini?

Jibu la kwanza

Hongera. Kabla ya onesho, zitazame upya hizo slaidi 40. Ukitenga dakika 5 za maswali, kila slaidi itapata nusu dakika, na hakuna awezaye kusoma msimbo kwa kasi hiyo huku akikusikiliza. Chagua hatua moja iliyowatoa jasho, kwa mfano kile kipindi ambacho data huandikwa katika hifadhidata mbili kwa pamoja na inabidi kuhakikisha kwamba hazitofautiani, kisha uifafanue kwa kina; hatua nyingine zitajwe tu. Onesho lenyewe ningelirekodi mapema na kulisimulia video ikiendelea, kwa kuwa mtandao wa ukumbi uliojaa watu wenye kompyuta na simu hauaminiki, hata waandaaji wakiuapia.

Jibu la pili

Kuhusu slaidi naafiki. Kuhusu onesho sikubali. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mtafiti wa kompyuta Douglas Engelbart alitumia dakika 90 kuwaonesha wanakompyuta wenzake kipanya, viungo vya maandishi na uhariri wa pamoja, huku kompyuta yenyewe ikiwa Menlo Park, kilomita zipatazo 50 kutoka pale. Angeyaeleza kwa maneno matupu, wengi wangeyaona kuwa ndoto. (Ni kweli kwamba alikuwa na kikosi cha wahandisi nyuma yake, nawe huna.) Kwa hiyo endesha kila kitu ndani ya kompyuta yako bila kutegemea intaneti, amri ziwe zimeandikwa tayari katika faili ili usichape chochote mbele ya watu, na ile rekodi iwe akiba. Kuza herufi kiasi kwamba aliyeketi safu ya mwisho asome bila kukunja uso.

Jibu la tatu

Naongeza la gharama, maana halijaguswa. Waulize waandaaji mapema kama mtoa mada hulipiwa kiingilio na nauli, kwa kuwa desturi hazifanani: PyCon ya Marekani, mkutano wa watumiaji wa lugha ya programu ya Python, huwatoza hata watoa mada, ingawa ipo ruzuku ya kuombwa, ilhali FOSDEM ya Brussels, mkutano wa programu huria, haina kiingilio wala usajili kwa yeyote. Ukishafika, usijaze ratiba yako kwa vikao vitakavyorekodiwa. Tenga muda wa kuzungumza na watu nje ya kumbi, hasa baada ya mada yako, kwani wenye maswali mazito aghalabu hawayaulizi kwenye kipaza sauti.

Mwuliza swali

Nashukuru. Nimebakiza slaidi 14, na onesho litachukua dakika 4 ndani ya kompyuta yangu. Je, nikiulizwa jambo nisilolijua?

Jibu la pili

Sema hulijui, kisha uulize kama yupo ukumbini aliyelishughulikia. Mara nyingi yupo.