Naomba ushauri: nitenganishe mazingira na utamaduni katika tasnifu yangu?

Mwanafunzi wa uzamili: Ndugu zangu, ninahakiki riwaya mbili, *Oil on Water* ya Helon Habila (2010) na *How Beautiful We Were* ya Imbolo Mbue (2021), zinazosimulia maisha ya watu ambao ardhi yao imechimbwa mafuta. Nilipanga sura moja ihusu uharibifu wa mazingira na nyingine utambulisho wa kitamaduni, lakini kila ninapoandika ya pili ninajikuta nikirudia mifano ya ile ya kwanza. Je, nibadilishe riwaya?

Mhakiki: Riwaya ziache, vunja mpango. Unarudia mifano kwa sababu hoja zako mbili ni moja. Tazama kisiwa cha Irikefe kwa Habila: waumini hujitakasa kwa kuoga katika maji yaleyale yanayotishiwa na mafuta, kwa hiyo anayeyachafua hawaharibii samaki peke yao, bali anawanyima mahali pa kuabudia. Kampuni huona ardhi kuwa mali ya kununuliwa, ilhali Chifu Ibiram na watu wake, wanaotangatanga wakitafuta makazi, wamepoteza kitu ambacho hakuna fidia inayoweza kukipima.

Msomaji mkongwe: Ninakubali, ila usiuchore utamaduni kana kwamba ulikuwa safi na tuli hadi kampuni ilipofika. Kwa Mbue, anayethubutu kuchukua ufunguo wa gari la wawakilishi wa Pexton, kampuni ya mafuta, ni Konga, ambaye kijiji kizima kinamwita mwendawazimu. Naye Thula, binti wa kijiji hicho, anakwenda kusoma New York, katika nchi ileile ilikotoka kampuni, na huko anajifunza mbinu za kupambana nayo. Jambo jingine: Kosawa, kijiji chao, ni cha kubuni katika nchi isiyotajwa jina. Historia ya Oloibiri, katika Delta ya Niger nchini Nigeria, mafuta yalikogunduliwa mwaka 1956, au kunyongwa kwa Ken Saro-Wiwa, mwandishi na mtetezi wa mazingira wa huko, mwaka 1995, itumie kumfafanulia Habila, ambaye riwaya yake imewekwa Delta hiyo, si Mbue.

Mwanafunzi wa uzamili: Ahsanteni sana. Basi nitagawa sura kwa maji, ardhi na wasimulizi. Rufus na Zaq, wale waandishi wa habari wa Habila, niwaweke wapi?

Mhakiki: Kwa wasimulizi, karibu na watoto wa Kosawa wanaosema "sisi". Rufus ni mwenyeji wa Delta, lakini safari yake inaanza kwa sababu mke wa mhandisi Mwingereza ametekwa. Vijiji vilivyoharibiwa anavikuta njiani tu, akimtafuta huyo mama. Hapo ndipo ningeanzia.