Kulinda na kukatia bima mkusanyiko wa sarafu unaokaa nyumbani

Mrithi wa Babu anauliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi kwa miezi miwili sasa. Marehemu babu yangu alikusanya sarafu kwa zaidi ya miaka arobaini, na familia imeamua kwamba mimi, niliyezoea kukaa naye mezani akizipanga, ndiye nizitunze. Ni sarafu 600 na ushei. Nyingi ni za shaba na nikeli, na sidhani kama zina thamani kubwa, lakini zimo za fedha zipatazo mia moja, zikiwamo riale kadhaa, yaani sarafu kubwa zenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, pamoja na tisa za dhahabu ambazo babu alizifunga peke yake katika kipande cha kitambaa cha sufu.

Zote zimo katika kabati la mbao chumbani. Sehemu yake imo katika albamu yenye kurasa za plastiki laini ambayo kila ninapoifungua hutoa harufu kali, na baadhi ya sarafu zilizomo zimeanza kufanya utando wa kijani unaonata.

Nina maswali matatu. Je, bima yangu ya nyumba na vilivyomo inatosha? Wakala aliyenikatia alisema kwamba kila kilichomo ndani kimekingwa, ila wakati ule sarafu hizi hazikuwa kwangu na sikuzitaja. Je, ninunue sefu, na ya aina gani, au nizipeleke benki? Na mwisho, je, nizisafishe kabla mthamini hajaja kuziona? Binamu yangu amependekeza dawa ya meno, nami nimesita.

Dawati la Madai anajibu:

Pole kwa msiba, ndugu Mrithi. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika idara ya madai ya kampuni ya bima, kwa hiyo nitajibu swali la kwanza tu na kuwaachia wengine yaliyobaki.

Usitegemee maneno ya wakala. Chukua hati yenyewe uisome, hasa ukurasa unaotaja viwango vya juu vya malipo kwa aina za mali. Katika hati nyingi za bima ya nyumba, sarafu huwekwa kundi moja na noti, vito na madini ya thamani, na kundi hilo zima huwekewa kikomo kidogo sana ukilinganisha na jumla ya bima. Lugha yetu imelichanganya jambo hili vizuri kabisa, kwa kuwa neno "fedha" lina maana ya madini na ya pesa, na kampuni nayo huzihesabu sarafu za babu yako kama pesa zilizosahaulika kwenye droo. Nyumba ikiungua, unaweza kulipwa kabati kwa thamani yake yote na sarafu zilizokuwamo kwa sehemu ndogo tu.

Tiba yake ni ama kuongeza kiambatisho kinachoorodhesha sarafu moja moja, ama kukata bima mahsusi ya mikusanyiko. Kwa mkusanyiko kama wako, mimi ningeorodhesha zile za dhahabu na riale moja moja, kisha zilizobaki nizikatie kwa jumla moja. Kabla ya kutia sahihi, uliza kama fidia itakuwa ya thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo au ya bei ya soko siku ya hasara, kwa sababu ya kwanza humaliza ubishi kabla haujaanza, ilhali ya pili hukuachia mzigo wa kuthibitisha bei ya kitu ambacho hakipo tena.

Jambo ambalo nimeliona likiwaumiza watu wengi ni kanuni ya uwiano. Tuseme mkusanyiko una thamani ya 100, nawe ili kupunguza ada umeukatia bima ya 60. Mwizi akichukua sarafu za thamani ya 30, hutalipwa 30, ingawa ziko ndani ya 60 yako. Utalipwa 18, kwa kuwa ulikata bima ya sehemu sita tu katika kumi. Bei ya dhahabu na fedha hupanda na kushuka, hivyo tathmini ya miaka mitano iliyopita inaweza kukuingiza katika mtego huu pasipo wewe kufanya hila yoyote.

Soma pia yale yasiyokingwa. Uharibifu wa polepole, yaani kutu, unyevu na kemikali, karibu kila mara haulipwi, kwa hiyo utando wa kijani unaouona ni hasara yako mwenyewe. Kupotea kusikoelezeka, kwa maana ya kwamba sarafu ilikuwapo na sasa haipo wala hakuna dalili ya kuvunja, mara nyingi nako hakulipwi. Hati ikisema kwamba sefu iwe imefungwa na kengele iwe imewashwa wakati hakuna mtu nyumbani, hilo ni sharti, na mkadiriaji hasara atakuja kulihakiki.

Mwisho, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dai lililo gumu kuliko yote niliyoyashughulikia lilikuwa la mzee mmoja aliyeibiwa sarafu halisi na zenye thamani, bila shaka yoyote moyoni mwangu, lakini alichokuwa nacho ni kumbukumbu zake tu. Tulimlipa kile alichoweza kukithibitisha, nacho kilikuwa kidogo mno. Kila sarafu iandikie nchi, mwaka, madini, uzito na kipenyo, uipige picha pande zote mbili pamoja na ukingo wake, na nakala ya daftari hilo ikae nje ya nyumba.

Mizani ya Sonara anajibu:

Nakubaliana na yote aliyoyasema Dawati la Madai. Mimi ni sonara na mkusanyaji, na naanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo la haraka.

Tafadhali usisafishe chochote. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugua, na sarafu iliyosuguliwa hubaki na mikwaruzo midogo ambayo mthamini huiona mara anapoigeuza kwenye mwanga. Rangi ya uzee iliyojijenga juu ya fedha kwa miaka mingi ni ngozi ya sarafu. Ukiivua hairudi, na bei hushuka pamoja nayo.

Utando wa kijani unaonata ni suala jingine. Hiyo albamu bila shaka ni ya PVC, plastiki iliyolainishwa kwa kemikali ambazo hutoka taratibu, na plastiki yenyewe inapochakaa hutoa asidi inayokula shaba na fedha. Zitoe sarafu zote humo leo. Utando huo huyeyushwa kwa asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha ambayo huchanganywa na manukato na mafuta: iloweke sarafu katika bakuli la kioo, usiisugue, kisha iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa laini. Fanya hivyo penye hewa na mbali na moto, kwani mvuke wa asetoni huwaka upesi. Baada ya hapo tumia vifuko vya poliesta au vikasha vigumu visivyo na PVC. Zile za dhahabu zitoe kwenye sufu, kwa kuwa sufu ina salfa, nayo hutia weusi fedha na hata shaba iliyochanganywa katika dhahabu. Kabati la mbao nalo silipendi, hasa likiwa la mwaloni, kwa sababu mbao hutoa mvuke wa asidi.

Sasa sefu. Watu wengi hudhani sefu ni sefu, kumbe ile ya kuzuia moto na ile ya kuzuia mwizi ni vitu viwili. Ya moto ina kuta nene zilizojazwa jasi au mchanganyiko unaofanana nayo, ambao ukipata joto hutoa mvuke wa maji na hivyo kupunguza joto la ndani, lakini bati lake la nje linaweza kuwa jepesi kiasi kwamba mtaimbo unalifungua. Kipimo cha kawaida cha sefu ya nyaraka ni kwamba joto la ndani lisipite nyuzi 177 za Selsiasi kwa muda uliotajwa. Karatasi itapona, na fedha, inayoyeyuka katika nyuzi 962, haitajali, ila plastiki nyingi za kuhifadhia hulainika karibu na nyuzi 100, nawe utakuta sarafu zako zimegandiwa na plastiki ndani ya mvuke. Tena jasi hiyohiyo huufanya ndani ya sefu kuwa na unyevu hata pasipo moto wowote.

Kwa mwizi, tafuta sefu iliyopimwa kwa viwango vinavyojulikana, kama EN 1143-1 vya Ulaya au TL-15 na TL-30 vya Marekani, ambapo namba 15 na 30 ni dakika za kustahimili vifaa vya kuvunjia. Iwe na uzito, na ifungwe kwa bolti kwenye zege, maana sefu ndogo isiyofungwa ni sanduku lenye mpini kwa ajili ya mwizi. Ndani weka silika jeli, yaani chembe za kufyonza unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu, ukilenga usizidi asilimia 40. Silika ikishiba, ikaushe katika oveni kwa nyuzi 120 hivi, kisha uirudishe.

Mrithi wa Babu:

Nawashukuru sana. Albamu nimeshaifungua na sarafu zote zimetoka. Naomba ufafanuzi wa mambo mawili: je, nikiandika "riale ya Maria Theresa, 1780" katika daftari inatosha? Na benki hakuna aliyeigusia.

Dawati la Madai:

Haitoshi hata kidogo, na umechagua mfano mzuri. Riale hizo zimeendelea kupigwa kwa miongo mingi baada ya malkia huyo kufariki, na miji mbalimbali, zote zikiwa na mwaka uleule wa 1780, kwa hiyo mwaka hautofautishi ya karne ya kumi na nane na ya karne ya ishirini. Uzito wake wa kawaida ni gramu 28.07, na nao hausaidii kutenganisha. Andika tofauti za herufi, za manyoya ya mkia wa tai na za ukingo, au mpe mthamini aandike yeye. Mikwaruzo na vishimo ni muhimu pia, kwani ndivyo vinavyofanya sarafu yako iwe yako.

Benki ni mahali pazuri kwa hizo tisa za dhahabu, na ada ya bima kwa kawaida hupungua zikikaa huko. Ila usidhani kwamba benki imezikatia bima. Bima ya amana hulinda akaunti, hailindi vilivyomo katika kisanduku cha kukodi, hivyo itakubidi uzitaje katika hati yako pamoja na mahali zilipo.

Msomaji wa Minada anajibu:

Naona tumezungumza juu ya chuma na karatasi, tukasahau ulimi. Mwaka 1967, watu wenye silaha waliingia katika nyumba ya mkusanyaji wa sarafu Willis du Pont huko Florida, Marekani, wakaishikilia familia na kuondoka na sarafu zipatazo 7,000, zikiwamo dola mbili za mwaka 1804 ambazo ni miongoni mwa sarafu adimu zaidi za Marekani. Mkusanyiko huo ulikuwa ukijulikana, na hakuna sefu inayomlinda mtu aliyeelekezewa bunduki. Dola zote mbili zilipatikana baadaye, na nyingine adimu ya mwaka 1866 ilijitokeza mwaka 2004, yaani miaka 37 baadaye, kwa kuwa sarafu hizo zilikuwa zimeandikwa na kujulikana kiasi kwamba hazikuweza kuuzwa bila kutambuliwa.

Zisizo adimu hivyo huishia pabaya zaidi. Sarafu 483 za dhahabu za Waselti, watu wa kale wa Ulaya, ziliibwa mwezi Novemba 2022 kutoka jumba la makumbusho la Manching, Ujerumani, kwa dakika tisa hivi, baada ya wezi kukata nyaya za mawasiliano ili king'ora kisiwafikie polisi. Vilivyopatikana baadaye ni vipande vya dhahabu vinavyoonekana kuwa vilitokana na kuyeyusha baadhi yake. Kwa hiyo ukiweka king'ora nyumbani, hakikisha kina njia ya pili ya kutoa taarifa, ya mtandao wa simu, endapo waya utakatwa.

Kwa upande wako, ndugu Mrithi, picha za daftari lako zisitumwe kwenye kundi la familia, na kabla ya kumpa mtu yeyote picha ya simu, futa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili, kwani simu nyingi huandika humo mahali picha ilipopigwa. Mthamini mpelekee sarafu chache chache kwake badala ya kumkaribisha nyumbani, na muulize wakala kwanza kama bima inazikinga zikiwa safarini. Umeshatuambia hapa idadi, madini na chumba zilipo. Ningekuwa wewe, ningemwomba msimamizi azifute aya zile mbili za mwanzo, na ningezihamishia mahali pengine usiku huuhuu.

Mrithi wa Babu:

Nimeshamwandikia msimamizi. Za dhahabu zitakwenda benki kesho asubuhi, na kabatini sasa zimebaki nguo tu.