Naomba ushauri: hii faranga 5 ya mapinduzi ya Ufaransa ni orijino kweli?
Wakuu habari zenu, niko huku Lyon nakusanya sarafu za fedha za enzi za mapinduzi, juzi nimepata faranga 5 ya Dupré (mchongaji aliyeichora), ile ya Hercules, shujaa wa hadithi za Kigiriki, katikati ya wanawake wawili wanaowakilisha Uhuru na Usawa, L'AN 5 yaani mwaka wa 5 wa kalenda ya mapinduzi, 1796-97, yenye herufi A ya kiwanda cha sarafu cha Paris. Nzuri mno, hadi ngozi ya simba kiunoni mwa Hercules inaonekana. Sasa kwenye mzani inasoma gramu 23.8 wakati inatakiwa 25, na ukingoni palipoandikwa GARANTIE NATIONALE kuna kamstari kembamba kamezunguka sarafu nzima. Sumaku haiishiki. Kulika tu kunaweza kupunguza gramu yote hiyo au nimeuziwa feki ya kumimina, yaani ya kumwaga chuma kilichoyeyushwa kwenye kalibu? Muuzaji kanipa wiki moja ya kurudisha, na hela yenyewe nimedunduliza miezi minne. Nisaidieni jamani, sijaisafisha kabisa.