Naomba ushauri: mboga mbichi na viungo kwa kasuku wa kijivu

Ndugu wafugaji, ninaye kasuku wa kijivu aliyezoeshwa alizeti tangu alikotoka, na sasa nakusudia kumhamishia taratibu kwenye mboga mbichi, kwa kuwa ndege wa aina hii hupungukiwa kwa urahisi na kalsiamu na vitamini A, ambazo alizeti haina za kutosha.

Ninafahamu kwamba parachichi ni sumu kwake, na kwamba vitunguu na majani ya nyanya havifai. Karoti anaila vizuri. Boga huchokoa mbegu kwanza na nyama yake huitupa chini ya tundu. Sukuma wiki nampa mara kwa mara, lakini mchicha na spinachi kwa nadra, maana asidi ya oksaliki iliyomo huzuia kalsiamu isifyonzwe mwilini.

Naomba kujua kuhusu majani ya kunde, tembele na mnavu: je, mnawapa mabichi au mnayachemsha kidogo? Kisamvu kibichi sitakijaribu kabisa. Kotimiri anaipenda, ila kwa rehani na mnanaa bado nasita.

Linalonisumbua zaidi ni dawa za wadudu, kwani mboga ya sokoni mara nyingine huja na vidoa vyeupe kwenye mikunjo ya majani, ambavyo maji matupu hayaviondoi. Je, kuloweka kwenye maji yenye siki kunatosha, au ni afadhali nipande mwenyewe kwenye ndoo barazani? Aliyewahi kupanda anieleze pia alitumia mbolea gani.