Kwa nini mfupa uliolika kwa baridi yabisi haujijazi?

Mkazi wa Tabata:
Mama yangu anaugua baridi yabisi ya maungio kwa miaka kadhaa, na eksirei aliyopigwa hivi karibuni inaonyesha mifupa ya vidole imelika vishimo pembezoni. Jirani yetu aliyeanguka na bodaboda alivunjika mguu, ukaunga vizuri kabisa. Iweje basi vishimo hivi visijazwe, ilhali seli za kujenga mfupa mama anazo? Naomba wenye ujuzi mnifafanulie.

Mwalimu wa fiziolojia, Upanga:
Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Seli hizo, yaani osteoblasti, hutokana na seli changa za uboho, na ili zikomae zinahitaji mfumo wa ishara uitwao Wnt. Penye mchochota wa kudumu, yaani uvimbe na maumivu yanayoletwa na seli za kinga, seli za kinga humwaga protini iitwayo TNF, nayo huzichochea seli za utando wa ungio kutoa protini nyingine, DKK1, ambayo huzima ishara za Wnt, hivyo seli changa zinabaki changa. Hapo ndipo penye jibu lako hasa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kuizuia DKK1 kwa panya wenye mchochota wa maungio, na mfupa mpya ukaota pembezoni mwa maungio yaleyale. Wakati huohuo protini ya RANKL huongezeka na kuzalisha osteoklasti, seli zinazokula mfupa, kwa hiyo ubomoaji unaongezeka huku ujenzi ukiwa umesimama.

Jirani yako naye alikuwa na mchochota, tena wa lazima: siku za mwanzo baada ya mfupa kuvunjika, seli za kinga husafisha eneo na kuziita seli changa, kisha hutulia. Panya waliozaliwa bila vipokezi vya TNF huchelewa kuunga mfupa. Kinachodhuru ni mchochota usiozimika.

Mfamasia, Kariakoo:
Naomba niongeze jambo linalonisumbua sana kazini. Prednisoloni hutuliza mchochota upesi, na ndiyo maana watu huja kuinunua dukani bila cheti, lakini ikitumika kwa muda mrefu yenyewe hupunguza kuzaliwa kwa osteoblasti na kuzifanya zife mapema. Mama anaitumia?

Mkazi wa Tabata:
Anaitumia, kidonge kimoja cha miligramu 5 kila asubuhi, tangu mwaka jana. Je, nimwachishe? Na vishimo vyenyewe vitaziba?

Mfamasia, Kariakoo:
Usimwachishe ghafla hata kidogo, kwa sababu tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zikishazoea dawa hiyo hupunguza kutengeneza homoni yake ya asili, na mgonjwa anaweza kuzidiwa. Daktari wake ndiye atakayeipunguza polepole, na mumuulize pia kuhusu methotrekseti (dawa ya kudhibiti baridi yabisi), kalisi na vitamini D.

Mwalimu wa fiziolojia, Upanga:
Kuhusu vishimo, mchochota ukidhibitiwa barabara, kwa kawaida huacha kukua, na kwa baadhi ya wagonjwa huziba kidogo ukingoni. Vidole vyake bado vinavimba asubuhi? Kama ndiyo, mchochota haujazimika, na hilo mlitaje kwa daktari kabla ya jambo jingine lolote.