Lugha za Italia ya kale zilimezwaje na Kilatini?

mwana_mbagala: Wakuu habari za jioni. Bibi yangu ni Mzaramo wa hapa hapa Dar, mimi Kizaramo nakisikia tu kukiongea siwezi, nadhani ndo maana hii ishu imenigusa. Nasoma habari za Roma nakuta kumbe mwanzoni Kilatini kilikuwa cha watu wa Latium tu, yaani eneo linaloizunguka Roma, na majirani zao walikuwa na Kioski, Kiumbria, Kifalisko, na zote zimekufa. Warumi walizipiga marufuku au ilikuwaje?

Kijana wa Posta: Mkuu wala marufuku haikuhitajika. Mwaka 180 KK mji wa Cumae, kule karibu na Napoli, wenyewe ndo ulienda kuiomba Roma ruhusa ya kutumia Kilatini kwenye shughuli za umma na minadani, yaani wameomba wenyewe! Jeshi na makoloni ya Warumi yakasukuma zaidi. Ila wapo waliokaza, hasa Wasamniti, watu wa milimani kusini mwa Italia, hao lugha yao ilikuwa Kioski. 91 KK washirika wa Roma waliasi baada ya kunyimwa uraia, wakapiga sarafu zao zenye maandishi ya Kioski, kuna moja fahali anamchoma pembe mbwa mwitu, na mbwa mwitu ndo Roma yenyewe. Uraia wakaja kuupata, lakini ukitaka cheo au kesi mahakamani ni Kilatini. Halafu 82 KK jenerali wa Kirumi Sulla akawamaliza Wasamniti pale lango la Colline, moja ya malango ya mji wa Roma, na baada ya hapo Kioski hakikuinuka tena.

Mama Tariq: Naongezea kidogo, haikuwa ghafla jamani. Mshairi Ennius, aliyefariki 169 KK, alikuwa anasema ana mioyo mitatu kwa sababu anajua Kigiriki, Kioski na Kilatini. Na Pompeii, mji wa kale karibu na Napoli, kumekutwa maandishi ya Kioski hadi kwenye kuta za nyumba.

mwana_mbagala: Asanteni sana aisee. Na Kiumbria kimeacha chochote?

Kijana wa Posta: Kimeacha, tena hazina kubwa. Gubbio, mji wa huko Umbria, kuna mabamba saba ya bronzi, yalipatikana 1444, yameandikwa ibada za makuhani hatua kwa hatua, mnyama gani achinjwe, kwa mungu yupi, kwenye lango gani la mji. Ya zamani yako kwa herufi zao wenyewe walizozitoa kwa Waetruska, majirani zao wa kale, ya baadaye yako kwa herufi za Kilatini, lugha ile ile. Yapo hapo hapo Gubbio kwenye jumba la Palazzo dei Consoli mpaka leo.