Mtoto wa mbwa wa gramu 640: chakula cha pakiti, cha kupika, au unga wa kalsiamu?

Mlezi wa Punje

Habari zenu wote. Nina mtoto wa mbwa, jike, wiki kumi. Nimemwita Punje kwa sababu ndivyo alivyo: akikaa kiganjani, kinachoning'inia nje ni mkia tu. Jana nimempima kwa mzani wa jikoni, gramu 640. Nimeulizia ndugu zake wawili wa uzao mmoja, wanakaribia kilo moja. Aliyenipa alisema nimlishe asubuhi na jioni, nami nikafuata.

Juzi alfajiri nilimkuta kwenye kona ya sanduku lake, masikio ya baridi. Nikimsimamisha anayumba, macho yamekodoa kama hanioni. Nilimpakata kifuani chini ya nguo, nikamdondoshea maziwa ya ng'ombe yenye uvuguvugu, baada ya kama nusu saa akaanza kulamba kidole. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Sasa nimeshauriwa mambo matatu na kila mmoja anaapa lake ndilo. Wa kwanza anasema nimnunulie chakula cha pakiti cha watoto wa mbwa wadogo. Wa pili anasema nimpikie kuku na wali, mbwa alikuwepo kabla ya pakiti. Wa tatu amenipa unga wa kalsiamu nimnyunyizie kwenye chakula ili mifupa ikomae. Nataka apate nguvu, lakini nataka kwanza abaki hai. Ndani kuna mbwa mwingine mkubwa, na Punje ameshajifunza kupanda kwenye kochi. Mlioshalea wadogo hivi, mlifanyaje?

Bi Zuhura

Pole sana mwanangu. Chakula tutakifikia, tuanze na hiyo alfajiri, maana ndiyo inayoua. Uliyoyaona yanafanana kabisa na sukari kushuka mwilini. Mtoto mdogo kiasi hicho ini lake halina akiba, misuli haipo, mafuta hayapo. Akikaa toka jioni mpaka alfajiri tumbo tupu, hana pa kuchota. Huanza kulegea, anatetemeka, anayumba kama ulivyosema, na akicheleweshwa anapata degedege.

Ikitokea tena, chukua asali au sukari iliyokorogwa na maji kidogo, chovya kidole, mpake kwenye fizi. Nasema mpake, usimnyweshe. Aliyelegea hamezi sawasawa, ukimdondoshea kitu kinaweza kuingia mapafuni, na hayo maziwa ulibahatika. Mtie joto, akiinuka mpe chakula, halafu siku hiyohiyo aonwe na daktari wa mifugo hata kama ameanza kucheza. Asali iwe asali kweli. Usimguse na kitu chenye zailitoli, ule utamu unaowekwa badala ya sukari, kwa mbwa huamsha insulini kwa wingi na sukari inaporomoka zaidi.

Mara mbili kwa siku haimtoshi. Wangu wadogo nawalisha mara nne mpaka wiki kumi na mbili, kisha mara tatu mpaka miezi sita. Kwa Punje ningeongeza mlo wa tano usiku, ule wa mwisho kabisa wewe ukiwa unakwenda kulala, na wa kwanza mara tu uamkapo. Maziwa ya ng'ombe acha. Lactosi yake, yaani sukari ya maziwa, ni nyingi kwa tumbo lake, ataharisha, na kuharisha kutamkausha upesi kuliko njaa.

Kombo72

Mimi nilikuwa wa upande wa kupika, na nilikuwa mkali. Nilichemsha kuku bila chumvi, wali laini, karoti, yai. Mbwa wangu alikula mpaka bakuli linang'aa, manyoya yakawa mazuri, nikaona wote wanaonunua pakiti wamedanganywa.

Alipofika miezi minne miguu ya mbele ilianza kupinda. Nilidhani ni mwendo wake. Siku moja akaruka kutoka ngazi moja, ngazi moja tu, akalia kilio ambacho bado nakisikia. Mfupa ulikuwa umevunjika, na kwenye picha ya eksirei mifupa yake yote ilionekana hafifu, haikuwa na ule weupe wake. Daktari akanieleza kwamba nyama ina fosforasi nyingi mara kumi na zaidi kuliko kalsiamu, wakati mtoto anayekua anahitaji viwili hivyo vikaribiane, kalsiamu ikizidi kidogo. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye chakula unaichimba kwenye mifupa. Nilikuwa nampenda, namshibisha, na mifupa yake inaliwa ndani kwa ndani.

Alipona, alitembea. Lakini ndugu Mlezi, usimpikie kwa kukisia. Kama unataka kupika, upate mapishi yaliyopigiwa hesabu na mtaalamu wa lishe ya wanyama, na uyafuate kwa mzani gramu kwa gramu. Kama huwezi hivyo, acha mpaka akomae.

Mlezi wa Punje

Shikamoo Bi Zuhura, nimeanza milo mitano leo. Kaka Kombo, pole, na asante kwa kulisema wazi. Lakini hapo si ndipo huu unga wa kalsiamu unapofaa? Nikipika na kunyunyiza?

Tabibu wa Wanyama

Natibu wanyama, nitajibu hilo la unga kwa sababu naliona kila mara.

Kama utampa chakula cha pakiti kilichoandikwa kwamba ni kamili na ni cha ukuaji, kalsiamu imeshawekwa kwa kipimo. Mbwa aliyekomaa akila kalsiamu nyingi utumbo wake hupunguza kuifyonza. Mtoto mdogo bado hana uwezo huo, inayoingia nyingi inafyonzwa nyingi. Ikizidi inavuruga ukuaji wa mifupa na inazuia madini mengine, zinki kwa mfano. Kunyunyiza kwa kijiko kwenye chakula cha nyumbani nako ni kukisia juu ya kukisia. Kwa hiyo kwangu, kati ya matatu, pakiti ndiyo ya kwanza, kupika kwa hesabu ni ya pili, unga wa kalsiamu bila kipimo cha daktari urudishe.

Ila kuna swali ambalo hakuna pakiti italijibu: kwa nini yeye ni mdogo kuliko ndugu zake? Huenda alizaliwa mdogo tu. Huenda ni minyoo. Mabuu ya minyoo mviringo hupita kutoka kwa mama na kuingia kwa mtoto tumboni kabla hajazaliwa, ndiyo maana watoto huanza dawa wakiwa na wiki mbili. Angalia tumbo lake: mbavu zinahesabika na tumbo limevimba kama ngoma? Huenda pia ni moyo, au mshipa unaopitisha damu pembeni ya ini badala ya ndani yake. Huyo wa ini mara nyingi hudumaa, na wengine huduwaa au kuzubaa baada ya kula, hasa chakula chenye nyama nyingi. Mambo haya husikika daktari akisikiliza moyo kwa chombo chake, huonekana kwenye choo na kwenye damu. Mpeleke na choo chake kibichi ndani ya kikopo. Na dawa ya minyoo isikadiriwe kwa macho, kwa gramu 640 tofauti ya tone ni kubwa.

Nuru_M

Nakubali pakiti, ila pakiti zenyewe hazifanani na hapa ndipo mimi nilipoteza wiki tatu. Nilikuwa nampa wangu chakula cha kopo, laini, anakila kwa furaha, na uzito hausogei. Nikaja kugundua kwamba cha kopo karibu robo tatu yake au zaidi ni maji. Gramu moja ya kikavu ina kalori tatu na nusu hadi nne, ya kopo inazunguka kalori moja. Tumbo lake ni dogo kama limau, linajaa maji.

Tabibu wa Wanyama

Nuru umegusa penyewe. Tupige hesabu ya Punje. Mtoto wa umri huo mwenye gramu 640 anahitaji takriban kalori 150 kwa siku. Hizo ni kama gramu 40 za kikavu, au gramu 150 hivi za kopo, karibu robo ya uzito wake mwenyewe. Kikavu basi, cha punje ndogo, ulainishe kwa maji ya vuguvugu kiasi cha kukitia unyevu tu. Ukikiloweka kikawa uji unarudi kulekule kwenye kopo. Kijiko kidogo cha cha kopo juu, kwa harufu, hakina ubaya. Badilisha polepole kwa siku saba hivi, uchanganye na anachokula sasa.

Mzee Sefu

Mmemshibisha, sasa mumlinde. Kijana, kochi ndilo adui wa kwanza. Mifupa miwili ya mguu wa mbele ya mbwa hawa ni myembamba, na karibu na kifundo damu haifiki vizuri, ukivunjika hapo unachelewa kuunga. Wengi huvunjika kwa kuruka kutoka mikononi mwa mtu au kwenye kochi, si barabarani. Mimi niliweka sheria: anayetaka kumshika akae chini sakafuni. Hata mimi nakaa chini, na magoti haya. Watoto hawambebi wakitembea.

Sakafu ikiteleza, tandika mkeka au zulia kwenye njia zake. Mguu ukiteleza kila siku, kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, ni rahisi kutoka mahali pake, na mbwa wadogo tayari wana udhaifu huo. Ukimwona anaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu kisha anaendelea kama kawaida, mwambie daktari.

Mbwa mkubwa, hata awe mpole vipi, wasiachwe pamoja peke yao. Hahitaji hasira, akikanyaga tu kwa furaha yameisha. Mimi nilitenga kwa uzio wa ndani, wananusana kupitia matundu, na wanakutana nikiwa nimekaa katikati.

Kola ya shingoni iwe ya kuning'iniza jina tu. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Bomba la hewa la mbwa wadogo linashikiliwa na pete za gegedu ambazo kwa wengi ni laini, kuvutwa shingo kunaliminya, na ukubwani unamsikia anakohoa kama bata.

Bi Zuhura

Mzee Sefu yote ni kweli, ila niongeze: asibebwe mchana kutwa. Nimeona wengi wanaowabeba kwenye mfuko kwa huruma, mbwa anafika mwaka mapaja hayana nyama. Misuli ndiyo inayokishika kilegesambwa mahali pake. Punje atembee, dakika chache, mara nyingi. Mimi hutandaza mito sakafuni, napanga vijiti vya fagio chini bila kuviinua, mtoto anavivuka kufuata punje ya chakula. Akikaa chini mwenyewe, basi, amechoka, usimshawishi.

Kombo72

Na nje je? Anatoka?

Tabibu wa Wanyama

Chanjo zake zinakwenda kwa awamu, kila wiki mbili hadi nne mpaka afike wiki kumi na sita. Kabla ya hapo asikanyage ardhi wanapopita mbwa usiowajua, virusi vya parvo, vile vya kuharisha damu, hukaa udongoni miezi mingi. Mbebe atoke, aone watu, asikie magari, anuse upepo. Woga nao unamdhoofisha mbwa.

Usiku usisahau joto. Mwili mdogo unapoteza joto upesi, na aliyepoa hasagi chakula vizuri. Chupa ya maji ya moto ifungwe kitambaa, ikae upande mmoja wa sanduku ili akisikia joto kali ahamie upande wa pili.

Mlezi wa Punje

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Daktari alimsikiliza moyo muda mrefu, mimi nimebana pumzi, akasema uko sawa. Damu imepimwa kabla ya kula na baada ya kula, ini liko sawa. Choo kilikuwa na mayai ya minyoo, mengi. Tumbo lake Tabibu ndivyo ulivyolieleza, mimi nilidhani ni shibe.

Amepewa dawa kwa mzani, atarudia. Unga nimeurudisha kwa aliyenipa, nikamweleza. Chakula ni kikavu chenye unyevu kidogo, milo mitano, nampima kila asubuhi kabla hajala na kuandika ukutani kwa penseli: 640, 640, 635, hapo nililia, kisha 650, 662. Leo ni 768. Kochi nimeliegemeza ukutani na kupanga mito mbele yake asipate pa kupandia. Mbwa mkubwa analala nje ya uzio, pua imepenya kwenye tundu, na Punje anailamba.

Swali moja Bi Zuhura: anaamka usiku wa manane analia, mlo wa sita nimpe au nimwache?

Bi Zuhura

Mpe, mwanangu. Kidogo, kiganjani kwako. Akifika kilo tutaongea habari ya kulala.